Shajara ya mradi: natafuta kazi ya fundi sanifu wa lishe hapa Columbus

Jumapili, 12 Januari 2025

Naanza kuandika leo. Mwezi uliopita nilimaliza masomo ya miaka miwili ya ufundi sanifu wa lishe, na nikiendelea kuweka kila kitu kichwani nitasahau nilituma maombi wapi, lini, na nilijibiwa nini. Mradi ni mmoja: nitoke jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi sasa, niingie kwenye kazi niliyoisomea. Nimejipa hadi mwisho wa Agosti.

Kwa msionijua: nina shahada ya lishe ya binadamu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Baada ya chuo nilijitolea kliniki ya watoto karibu miaka miwili. Kazi ilikuwa mizani ya kuning'iniza, utepe wa kupimia mkono, na mama anayekukodolea macho akisubiri useme ni rangi gani. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, hadi 12.5 ni njano, kuanzia hapo ni kijani, yaani salama. Nilitarajia kuwa afisa lishe wa halmashauri na nistaafie huko. Baba watoto akashinda bahati nasibu ya viza, tukahamia Ohio, na shahada yangu ikaingia kwenye bahasha.

Nilipoitoa kufanyiwa tathmini, ilikubalika kuwa shahada kamili. Lakini kusajiliwa kwenye fani ya lishe huku kunataka zaidi ya shahada. Kunataka uwe umepitia programu iliyoidhinishwa na ACEND, chombo kinachokagua mafunzo ya lishe Marekani. Na tangu tarehe 1 Januari 2024, anayetaka kufanya mtihani wa mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa lazima awe na shahada ya uzamili. Nina watoto wawili na kodi ya nyumba. Nikachagua ngazi ya chini yake, ya fundi sanifu, ambayo njia yake mojawapo ni diploma ya miaka miwili. Chuo kilinikubalia masomo yangu ya kemia na baiolojia ya SUA, mengine nikasoma upya. Pia tulitakiwa kufanya saa 450 za mazoezi chini ya usimamizi. Mimi nilizifanya hospitali, kliniki ya mama na mtoto, na jiko la shule.

Watu wengi, hata Watanzania wenzangu hapa, wanadhani wote wanaoshughulika na chakula cha wagonjwa ni wapishi. Msaidizi wa jikoni, yaani mimi, anapanga trei, anazipeleka, anaosha vyombo. Meneja wa jiko mwenye cheti anaendesha jiko, bajeti na watu wake. Mtaalamu wa lishe aliyesajiliwa ndiye anayefanya tathmini ya mgonjwa na kuandika mpango wa lishe, na Ohio inamtaka awe na leseni. Fundi sanifu anakaa katikati: anamhoji mgonjwa, anachuja nani yuko hatarini, anahesabu alichokula, anahakikisha kilichoandikwa na daktari ndicho kinachofika kwenye trei, na kila anachokiona anamrudishia mtaalamu. Napenda sana hapo katikati. Mambo mengi huharibikia hapo.

Jumapili, 26 Januari

Jana zamu ya asubuhi. Nataka kuandika jambo moja kwa kirefu kwa sababu nimeamua litakuwa mfano wangu kwenye usaili.

Kuna babu mmoja wa chumba cha mwisho ambaye baada ya kiharusi hupaliwa akinywa kitu chepesi. Kadi yake ya mlo ina alama ya pinki. Hiyo ni daraja la 2 kwenye IDDSI, mfumo wa kimataifa wa kupanga vinywaji na vyakula vya wenye shida ya kumeza, wenye madaraja manane kuanzia 0 hadi 7, kila moja na rangi yake. Morogoro nilizoea rangi tatu, hapa nimezoea nane. Daraja la 2 maana yake kila kinywaji chake, hata maji ya kumezea dawa, kiwe kizito kidogo ili kiteremke taratibu na koo lipate muda wa kufunga njia ya hewa.

Babu anapenda chai ya maziwa. Aliyekuwa zamu kabla yangu alikoroga unga wa kuzitisha vinywaji, akaweka kikombe kwenye gari la trei. Nilipokichukua nikaona chai inang'ang'ania kwenye kijiko. Nikachukua bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, nikaziba mdomo wake kwa kidole, nikajaza chai hadi alama ya 10. Nikaachia kidole na kuhesabu sekunde kumi. Kwa daraja la 2 zinatakiwa zibaki kati ya mililita 4 na 8. Zilibaki karibu 9. Hiyo tayari ni daraja la 3.

Aliyeikoroga hakukosea kipimo. Unga wetu ni wa wanga, na wanga huendelea kunywa maji kadiri kikombe kinavyokaa, kama uji ulioachwa juu ya meza. Chai iliyokuwa sawa saa moja na nusu, saa mbili na dakika kumi imekuwa kitu kingine. Nikamwaga, nikakoroga nyingine, nikapima: 6. Nikampelekea mwenyewe nikakaa hadi akamaliza. Chai nzito kuliko ilivyoagizwa huenda isimpalie, lakini hainyweki, na mzee asiyekunywa anakauka maji mwilini bila mtu kujua. Nimemwomba meneja tuanze kukoroga chai zile mwisho kabisa, gari likiwa tayari kuondoka. Amekubali.

Ijumaa, 28 Februari

Nimefanya mtihani wa usajili leo. Sikufaulu.

Ni mtihani wa kompyuta, wa CDR, tume inayosajili wataalamu na mafundi sanifu wa lishe Marekani. Maswali ni kati ya 110 na 130. Kompyuta inakuletea swali kulingana na ulivyojibu lililopita, na ukishajibu huwezi kurudi nyuma. Hilo la kutorudi nyuma lilinisumbua kuliko nilivyotarajia, maana tangu darasa la saba nimefundishwa kuruka gumu na kulirudia mwishoni. Alama zinatolewa kwa mizani ya 1 hadi 50, na kufaulu ni 25. Nimepata 23.

Nimekaa kwenye gari dakika ishirini kabla ya kuwasha. Sheria ni kusubiri siku 45. Nimehesabu: tarehe 14 Aprili.

Jumapili, 16 Machi

Nimetulia sasa, naweza kuandika kilichonishinda. Lishe tiba haikunishinda. Kilichonishinda ni menejimenti na vipimo vya jikoni. Mimi nafikiria kwa gramu na lita, na mtihani unafikiria kwa aunsi, vikombe na ratili. Naandika hapa mawili matatu kwa anayefuata njia hii.

Vijiko vya kupakulia vina namba, na namba ni idadi ya vijiko vinavyojaza kwati moja. Kwati ni vikombe vinne vya Kimarekani. Kwa hiyo kijiko namba 8 ni nusu kikombe, namba 16 ni robo kikombe. Namba ikipanda kijiko kinapungua. Nimekishika kijiko namba 8 kila siku kwa miaka mitatu na sikuwahi kuuliza kwa nini kinaitwa hivyo.

Kununua na kula ni uzito tofauti. Ukihitaji ratili 20 za karoti zilizomenywa, na karoti hubaki asilimia 80 baada ya kumenya, unagawanya 20 kwa 0.80 na kununua ratili 25. Mimi kwenye mtihani nilizidisha 20 kwa 1.2 nikapata 24. Ratili moja pungufu, swali likaenda.

Na ile hesabu ya wafanyakazi: mtu mmoja wa muda wote ni saa 40 kwa wiki, 2,080 kwa mwaka. Ukiambiwa jiko linatumia saa 280 kwa wiki, hao ni watu 7, hata kama majina kwenye ratiba ni kumi na moja kwa sababu wengine ni wa nusu siku.

Nimebandika karatasi ya vijiko kwenye friji nyumbani. Mwanangu mkubwa ananiuliza maswali nikiwa napika ugali. Namba 12? Theluthi moja ya kikombe. Namba 30? Vijiko viwili vya mezani na kidogo.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimefaulu. Sasa naruhusiwa kuandika herufi NDTR, yaani fundi sanifu wa lishe aliyesajiliwa, baada ya jina langu, na nitatakiwa kukamilisha saa 50 za kujiendeleza kila miaka mitano ili nizibakishe. Nimempigia mama Morogoro, huko ilikuwa usiku sana, akapokea kwa hofu akidhani kuna msiba. Nilipomweleza akapiga kigelegele peke yake gizani.

Jumapili, 4 Mei

Sasa kazi yenyewe. Wiki mbili za kwanza nilipoteza muda kwa kosa moja, na ndilo sababu kubwa ya kuandika shajara hii mahali ambapo wengine wataisoma.

Nilikuwa naandika kwenye tovuti za ajira jina la cheti changu kama lilivyo. Kwa Columbus nzima na viunga vyake yakaja matangazo mawili, moja la zamani. Nikaanza kuamini walionambia kwamba kazi hii haipo, kwamba nilipaswa kusomea uuguzi. Halafu nikakumbuka mafundi sanifu wawili niliofanya nao mazoezi hospitali. Beji zao hazikusema ufundi sanifu. Mmoja aliandikwa “diet clerk”, mwingine “nutrition assistant”. Kazi ile ile, dawati lile lile.

Kwa hiyo nimeacha kutafuta jina, natafuta majukumu. Naandika maneno ya kazi yenyewe: uchujaji wa hatari ya utapiamlo, hesabu ya kalori, ukaguzi wa trei, menyu za wagonjwa, mzio wa chakula. Nasoma tangazo lote hata kama kichwa chake ni cha ajabu. Yamekuja kumi na tisa. Mengine ni ya hospitali, mengine nyumba za wazee, mawili ni ya kliniki za WIC, ule mpango wa serikali ulioanza miaka ya 1970 wa kuwapa chakula na ushauri wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka mitano wa familia zenye kipato kidogo. Moja ni la jiko la shule za wilaya. Yapo pia yanayosema cheti ni cha kupendelewa, si cha lazima. Hayo nayaomba, maana nikiwa nacho tayari niko mbele.

Naweka kwenye daftari safu tano: tarehe, mahali, jina walilolipa kazi, majukumu yanayofanana na yangu, jibu. Safu ya nne ndiyo naitazama kwanza.

Jumapili, 25 Mei

Maombi kumi na moja yametoka. Majibu manne: matatu ya kukataa, moja la kuitwa.

Nimeandika upya wasifu wangu mara tatu. Ule wa kwanza ulikuwa wa kinyumbani kabisa: kurasa nne, picha, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini, wadhamini watatu na namba zao. Mshauri wa chuo alifuta nusu kwa kalamu nyekundu. Huku picha, umri na ndoa haviandikwi, na mwajiri asingependa aonekane amevitumia. Ukurasa mmoja, basi. Kilichoniuma ni kwamba kwa kuogopa kuonekana mtu wa jikoni, kazi yangu ya nyumba ya wazee nilikuwa nimeificha chini kabisa kwa mstari mmoja. Akaniambia niipandishe juu na niandike ninachofanya kwa vitendo. Nimeandika: nakagua trei 64 kwa kila mlo dhidi ya kadi, napima uzito wa vinywaji kwa bomba, naripoti wanaokula chini ya nusu. Yote ni kweli na yote ni kazi ya fundi sanifu, ila nilikuwa nayafanya kwa mshahara mwingine.

Aliyeniita ni nyumba nyingine ya wazee, mji wa jirani. Walinipa cheo cha fundi sanifu kwenye karatasi. Nilipouliza ratiba, siku tatu kati ya tano ni kuosha vyombo na kupakua, na malipo ni dola moja juu ya ninayolipwa sasa. Nikauliza nani atanisimamia kitaaluma, wakasema mtaalamu wa lishe anakuja mara mbili kwa mwezi. Nimekataa kwa heshima. Baba watoto alinyamaza kidogo, halafu akasema mimi ndiye ninayejua. Nimeshukuru hakuongeza neno.

Alhamisi, 12 Juni

Usaili wa kliniki ya WIC. Nilikwenda na moyo mweupe, maana hii ndiyo kazi inayofanana na kliniki ya Morogoro.

Waliniuliza nielezee tukio moja la kumsaidia mama. Nikawasimulia la wakati wa mazoezi. Alikuja mama wa Kikongo mwenye mtoto wa miezi mitatu, mtoto analia, choo kigumu, na mkalimani wa simu hakuwa amepatikana. Nikamwamkia kwa Kiswahili, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kiswahili chetu kina tofauti zake: kisamvu yeye anaita sombe, mchicha ni lengalenga, ugali ni bugali. Lakini tulielewana vizuri. Nilimwomba anitengenezee chupa ya maziwa ya kopo mbele yangu kama anavyofanya nyumbani.

Alipima maji mililita 30, akaweka kijiko kimoja kilichojaa sawasawa. Alifanya kwa uangalifu mkubwa. Ndivyo alivyofundishwa kambini na ndivyo makopo mengi ya kwetu yanavyoelekeza: kijiko kimoja kwa mililita 30. Ila kijiko cha kopo la Marekani ni kikubwa, na kimoja ni cha aunsi mbili, yaani mililita 60. Mtoto alikuwa anakunywa maziwa mazito maradufu, chumvi na protini mara mbili, kwa figo za miezi mitatu. Tulimwita muuguzi papo hapo, mtoto akaangaliwa, akapelekwa kwa daktari siku ile ile na akawa salama. Mama alilia, akisema, “Miye nilifuata vile walinifundisha, mama.” Nikamwambia dada yangu, ulifuata sawasawa, kijiko ndicho kilichobadilika. Tangu siku ile kila mama anayetoka nje ya nchi namwomba atengeneze chupa, simwombi anielezee.

Jopo la usaili walikaa kimya, mmoja akaandika sana. Nilitoka na matumaini makubwa.

Jumatatu, 23 Juni

Wamepiga simu wenyewe, kwa upole. Nafasi imesitishwa kwa sababu ya bajeti. Wameniambia niombe tena ikifunguliwa. Nimeandika kwenye daftari, na nitaomba.

Leo sina zaidi.

Jumatano, 9 Julai

Usaili wa hospitali, nafasi ya ofisi ya milo ya wagonjwa. Jina la kazi halina neno ufundi sanifu hata kidogo. Majukumu ni yale yale kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Baada ya maswali ya kawaida, mkuu wa kitengo akanipeleka jikoni. Kulikuwa na trei moja mezani na kadi yake. Akasema, hii inaondoka baada ya dakika tatu, niambie. Kadi ilisema: mlo wa figo, kisukari, majimaji mililita 1,200 kwa siku, mlo huu zisizidi 300. Mgonjwa husafishwa damu mara tatu kwa wiki.

Juu ya trei: kuku wa kuoka, kiazi mviringo kilichookwa na ganda lake, bakuli la supu ya nyanya, juisi ya machungwa, kahawa, kikombe kidogo cha aiskrimu, kipaketi cha pilipili manga, na kipaketi kingine kidogo cheupe.

Nilianza na majimaji kwa sababu ni hesabu tu. Kahawa 240, supu 180, juisi 120, hiyo ni 540. Nikaongeza aiskrimu 120, kwani chochote kinachoyeyuka kwenye joto la chumba kinahesabiwa kuwa maji, jeli na barafu vikiwemo. Jumla 660. Halafu potasiamu: kiazi na ganda lake, nyanya, machungwa, vyote vina nyingi. Mkuu alikuwa anatikisa kichwa kukubali bila kuandika chochote, nikajua haya kila mtu anayaona.

Nikakichukua kile kipaketi cheupe nikakigeuza. Kilikuwa chumvi mbadala. Msaidizi wa jikoni anakiweka kwa nia njema: mgonjwa kakatazwa chumvi, basi mpe isiyo chumvi. Kilichomo ni kloridi ya potasiamu. Mtu ambaye figo zake haziwezi kuitoa, potasiamu inapanda kwenye damu, na moyo ndio unaopata shida wa kwanza. Nikakiweka pembeni peke yake, mbali na vingine, nikasema hiki nisingekiondoa tu, ningeuliza kimefikaje kwenye trei hii na kama kuna trei nyingine imeshatoka nacho.

Hapo akaandika.

Akaniuliza ningerudisha nini. Nikasema kwanza ningempigia mgonjwa simu chumbani, kwa sababu nikiondoa vitu vinne bila kumuuliza nitakuwa nimempa njaa. Wali kiasi kilichopimwa badala ya kiazi, maharage machanga ya kijani, yanayoliwa na maganda yake, ya kuchemsha, kahawa nusu kikombe, kipande cha tufaha. Mahali pa chumvi mbadala pakae limau, kitunguu saumu na ile pilipili manga. Na kama sukari ikishuka ghafla, apewe juisi ya tufaha, ya machungwa hapana. Akasema dakika tatu zimepita zamani. Nikaomba radhi. Akasema hapana, endelea.

Tulipokuwa tunarudi ofisini alinionyesha picha ukutani, akanieleza kwamba chama cha wataalamu wa lishe wa Marekani kilianzishwa Cleveland, saa mbili na kidogo kwa gari kutoka hapa, mwaka 1917, vita vya kwanza vikiendelea, na kina mama waliotaka chakula kisipotee na afya za watu ziangaliwe. Lulu Graves na Lenna Cooper. Nilikuwa nimeyasoma majina hayo kwa ajili ya mtihani. Kuyasikia kwa sauti, ndani ya jiko, kulinigusa kwa namna nyingine.

Ijumaa, 18 Julai

Wamenipa kazi. Muda wote, bima, zamu ya alfajiri wiki mbili na ya mchana wiki mbili. Malipo ni nafuu ya kweli, ingawa si ya kumfanya mtu aache kuhesabu. Nilijaribu kuomba nyongeza kidogo kwa ajili ya lugha. Wamesema kwanza nifanye mtihani wa hospitali wa kuthibitisha Kiswahili changu, ndipo niruhusiwe kuzungumza mambo ya tiba na wagonjwa bila mkalimani. Ni sawa kabisa, maana kujua lugha ya nyumbani na kumweleza mtu potasiamu ni vitu viwili. Nimejiandikisha wa Septemba.

Hesabu ya mradi: maombi kumi na sita, usaili nne, nimekataa moja, nimepata moja. Miezi mitatu kamili tangu kufaulu. Kati ya yale kumi na sita, yaliyokuwa na jina la cheti changu kwenye kichwa cha tangazo ni mawili.

Jumamosi, 2 Agosti

Zamu ya mwisho kwenye nyumba ya wazee. Wamenipikia keki, na wawili walio kwenye mlo laini tukawalainishia ya kwao.

Kijana anayechukua nafasi yangu ni Mrundi, ana wiki moja tu, ananiita dada mkubwa. Nilimwonyesha chai ya babu. Sikumweleza sana. Nilimpa bomba, akaziba kwa kidole, akajaza, akaachia, tukahesabu wote kwa Kiswahili hadi kumi. Zilibaki 6. Nikamwambia aweke kikombe pembeni, tuendelee na trei nyingine, turudi baada ya nusu saa. Tuliporudi akapima tena mwenyewe na akalitazama bomba kwa muda mrefu. Akaniuliza kama na maziwa ya baridi huwa hivyo. Nikamwambia apime.

Jumatatu naripoti saa kumi na moja na nusu alfajiri. Viatu visivyoteleza nimenunua. Beji wametuma jana: jina langu, herufi nne, na chini yake cheo ambacho singekitafuta kamwe mwezi Aprili.